Veranda, Msitu na Shamba: Vita vya Mau Mau Katika Filamu

Mwanamume mmoja Mwafrika anakuja juu ya baiskeli katika njia ya vumbi, peke yake, mchana kweupe, na mbele yake amelala Mzungu aliyejeruhiwa ambaye anamwita amsaidie. Naye anashuka, anamwendea kwa utaratibu kama mtu aendaye kumwauni mgonjwa, kisha anainua panga na kummaliza. Hivyo ndivyo inavyofunguka filamu ya Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst na kutolewa Uingereza mwaka 1955, wakati ambapo vita vyenyewe vilikuwa bado vinapiganwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa vizuizini bila ya kufikishwa mbele ya hakimu. Mtazamaji wa London aliyelipa kiingilio chake hakuambiwa yule mwenye baiskeli alitoka wapi, alikuwa akimfanyia nani kazi, alilipwa nini, wala alilala katika nyumba ya namna gani. Aliambiwa jambo moja tu, kwamba uso wa upole wa Mwafrika huficha panga. Msingi uliwekwa katika dakika zile za mwanzo, na filamu nyingi zilizofuata, hata zile zilizotengenezwa kwa nia njema kuliko hiyo, zimejenga juu yake.

Nataka kulichunguza suala hili lote, yaani jinsi vita vya Mau Mau vilivyosimuliwa katika filamu, nikiwa nimesimama hapa Nakuru, maana pahali asimamapo mtu hubadili anachokiona. Atazamaye kutoka Nyeri au Murang'a huulizia habari za msitu, na atazamaye kutoka London huulizia habari za Mzungu na aila yake. Lakini atazamaye kutoka Bahati, Subukia, Njoro, Elburgon au Naivasha hana budi kuuliza shamba liko wapi. Rai yangu ni kwamba filamu hizi zimevipigana vita hivi mahali pawili, katika veranda ya mlowezi na katika msitu, na zimepita mbio juu ya mahali pa tatu, shamba la Mzungu na vibanda vya wafanyakazi wake, ambako dhulma ilihesabiwa mwezi kwa mwezi kwa shilingi na kwa vichwa vya mbuzi, na ambako kiapo cha Mau Mau kiliwakuta watu waliokwisha kuwa tayari kukila. Wala siamini kwamba kukosekana kwa shamba kumetokea kwa sadfa. Kuna sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni zetu wenyewe.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma yake wakaja walowezi, Lord Delamere wa Njoro akiwa miongoni mwa wale wa mwanzo. Na ili ardhi ipatikane, Wamaasai, ambao bonde hili lilikuwa malisho yao, waliondolewa kwa mikataba miwili, wa mwaka 1904 na wa mwaka 1911, huu wa pili ukiivunja ahadi iliyotolewa katika ule wa kwanza. Ardhi ikawa nyingi na mikono ikawa michache, kwa hiyo wakatafutwa watu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, nao wakaja na jamaa zao na mifugo yao kuwa maskwota, yaani watu walioruhusiwa kukaa, kulima na kufuga katika shamba la Mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku kadhaa za kila mwaka. Watoto wakazaliwa huko, wakakua, wakaoa, na wengi wao hawakujua kwao pengine. Kisha mlowezi, alipokwisha kupata mtaji na nguvu, akawaona mbuzi na ng'ombe wa skwota kuwa wanambana. Na sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ile na kipande cha kulima, na kuziongeza siku za kazi, hata ikawa mtu ambaye baba yake alikuwa na zizi alibaki na ujira na posho. Huko Olenguruone, katika nyanda za Mau, ambako serikali ilianza kuwapeleka watu mwaka 1941, wakazi walikataa kuitwa wapangaji katika ardhi waliyodhani wamepewa, wakala kiapo cha pamoja, wanaume, wanawake na watoto, na mwishowe wakafukuzwa kwa nguvu, wengine wakipelekwa Yatta katika ukame. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya maskwota na asili ya Mau Mau, amelidhihirisha jambo hili kwa ushahidi usiotikisika. J.M. Kariuki, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya kizuizini kilitoka mwaka 1963, alizaliwa Kabati-ini, mtoto wa skwota. Na Dedan Kimathi mwenyewe, kabla ya kuingia msituni, alikuwa katibu wa tawi la chama cha siasa cha KAU huko Ol Kalou. Kwa hiyo anayeanza habari za vita hivi msituni huwa ameanzia katikati.

Kuna jambo moja la miezi ya mwanzo ya vita ambalo limenikaa moyoni kuliko mengine yote, nalo linahusu picha. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wafanyakazi Wakikuyu wa Bonde la Ufa walitakiwa wapigwe picha kwa ajili ya vitambulisho vipya. Wengi wakakataa, na kukataa kwao kukawa hoja ya kuwafukuza mashambani. Katika muda wa miezi michache watu wapata laki moja waliondolewa au waliondoka wenyewe, wakipitishwa katika kambi za njiani za Nakuru na Gilgil, wakirudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, ambako wengi wao hawakuwa na shamba wala mwenyeji. Waliobaki wakapangwa mistari mbele ya gakunia, yule mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye hakusema neno, bali alitikisa kichwa tu, na mtikiso ule ukamtia mtu kizuizini. Tazama basi mpangilio wake: upande mmoja mtu anayelazimishwa kuutoa uso wake mbele ya kamera, na upande wa pili mtu ambaye serikali imemfunika uso ili amhukumu mwenziwe. Kwa familia za mashamba ya Nakuru kamera iliingia maishani mwao mkononi mwa dola, ikidai nyuso zao. Sijui mandhari iliyo na maana kubwa zaidi kwa filamu ya vita hivi, na sijaiona katika filamu hata moja.

Nirejee kwenye veranda. Simba ilitengenezwa kwa sehemu kubwa katika studio za Pinewood, karibu na London, ikiunganishwa na picha za mandhari zilizopigwa Kenya, na nyota wake, Dirk Bogarde, hakuhitaji kufika huku. Anaigiza kijana anayekuja kumtembelea kaka yake na kumkuta ameuawa, naye anabaki katika shamba lile akiwa na chuki juu ya Waafrika wote, pamoja na Peter Karanja, daktari Mwafrika, anayeigizwa na Earl Cameron. Daktari huyu ni mtu mwema, msomi, mwenye huruma. Na filamu inamlipa kwa kumfanya awe mtoto wa yule kiongozi wa wauaji, kisha inamwua mikononi mwa watu wake mwenyewe. Mwaka uliofuata Earl Cameron huyo huyo alionekana tena katika Safari ya Terence Young, mara hii akiwa Jeroge, mtumishi anayemwua mtoto wa mwindaji na kuwindwa na baba wa mtoto yule. Katika muda wa miezi kama kumi na minane mwigizaji mmoja mwenye kipawa alipewa nafasi mbili ambazo sinema ya Uingereza ilikuwa nazo kwa ajili ya Mwafrika wa wakati wa Mau Mau, ama msomi anayekufa kwa ajili ya Wazungu, ama mtumishi anayewaua. Nafasi ya tatu, ya mtu mwenye dai lake, haikuwako.

Something of Value ya Richard Brooks, iliyotoka Marekani mwaka 1957 kutokana na riwaya ya Robert Ruark, ndiyo iliyoukaribia ukweli zaidi katika kundi hili, na kwa insafu lazima isifiwe kwa hilo. Sidney Poitier anaigiza Kimani, kijana aliyekua pamoja na Peter, mtoto wa mlowezi, ambaye ni Rock Hudson. Wamecheza pamoja, wamewinda pamoja, hata siku ile Kimani anapopigwa kofi na shemeji yake Peter kwa kutojua pahali pake. Kofi lile linapigwa haraka, lakini kamera ya Brooks inakaa juu ya uso wa Poitier muda wa kutosha ili tuone jambo linavunjika ndani yake ambalo haliwezi kuungwa tena. Na baba yake anapofungwa kwa kufuata mila ya wazee wake, tunaelewa kwa nini kijana huyu anakwenda kula kiapo. Hapo filamu ilikuwa na fursa ya kuuliza ardhi ya baba yake Peter ilipatikanaje. Haikuuliza. Badala yake ikayageuza mambo yote kuwa msiba wa urafiki wa watu wawili, ikampeleka Kimani akafie katika shimo lenye vijiti vilivyochongwa, na ikampa Peter mtoto mchanga wa marehemu ili amlee. Mwafrika anapoteza maisha yake na hata mwanawe anamwachia Mzungu; na mtazamaji anatoka akilia, lakini machozi yake hayajagusa swali la ardhi.

Hesabu za vita zinaonyesha jinsi veranda ilivyoupotosha uwiano wa mambo. Walowezi wa kiraia waliouawa katika miaka yote ya hali ya hatari walikuwa 32. Kwa taarifa za serikali yenyewe raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa wapata 1,800, na wapiganaji waliouawa na majeshi ya serikali walizidi 11,000; juu ya hao, watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Vifo vya aila za walowezi vilikuwa vya kuhuzunisha, na simo miongoni mwa wanaovipuuza, hasa cha mtoto mdogo wa Kinangop aliyeuawa pamoja na wazazi wake mwezi Januari 1953. Lakini filamu inapoyatumia maisha yake yote ndani ya nyumba moja yenye taa, wenyewe wakisikiliza nyayo gizani, huku wafu wengine wote wakiwa vivuli nje ya dirisha, imekwisha kutoa hukumu yake kabla ya kusikiliza shahidi.

Ilichukua miaka thelathini kwa kamera kutoka sebuleni na kuingia jikoni. The Kitchen Toto ya Harry Hook, ya mwaka 1987, inamfuata Mwangi, kijana aliyeigizwa na Edwin Mahinda, ambaye baba yake, mchungaji wa kanisa, ameuawa na Mau Mau, naye akachukuliwa kufanya kazi katika nyumba ya ofisa wa polisi Mwingereza. Anakula kiapo kwa kulazimishwa usiku, na mchana anamenya viazi vya bwana wake. Na kati ya viapo viwili hivi, kwa sababu utumishi nao ni kiapo, hana njia ya kutokea. Naiheshimu filamu hii kwa kuwa haimdanganyi mtazamaji: mtoto aliyekamatwa na vita vya msituni hana upande ulio salama. Walakini jikoni ni mwisho wa mwendo wake. Mstari wa vibanda vya wafanyakazi unaonekana kwa mbali tu.

Hapa lazima nitazame nje ya Kenya, kwa sababu bahati ya watu wengine inaeleza ukata wetu. Vita vya ukombozi vilivyofuata baada ya vile vyetu vilijirekodi vyenyewe. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na kambi zake kusini mwa Tanzania, ilikuwa na mpaka wa kuvuka na marafiki wa kuwakaribisha, na kwa njia hiyo Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi, aliweza kuingia katika maeneo yaliyokombolewa na kurudi na filamu ya A Luta Continua, iliyotoka mwaka 1972, ambamo tunaona shule chini ya miti, wanawake wakibeba mizigo ya silaha, na wakulima wakigawana mavuno. Wapiganaji wa Nyandarua hawakuwa na mpaka wa kuvuka, hawakuwa na nchi jirani ya kuwakaribisha, hawakuwa na kituo cha nyuma wala mwandishi aliyeweza kufika na kamera akatoka nayo. Walitengeneza bunduki zao kwa mabomba na makomeo ya milango. Filamu hawangeweza kuitengeneza. Kila picha inayokwenda ya vita vile ilipigwa na upande wa pili, na ndiyo maana hata leo, mtengenezaji wa filamu Mkenya anayetafuta picha za zamani, huishia kununua macho ya adui wa babu yake.

Lakini ukosefu wa picha za zamani si udhuru wa kutosha, na ushahidi wake ni filamu ya Gillo Pontecorvo juu ya vita vya Algiers, La battaglia di Algeri, iliyoshinda tuzo kuu ya Venice mwaka 1966. Haina hata kipande kimoja cha picha za habari za zamani. Yote imeigizwa upya katika vichochoro vya Casbah, na watu wa mji wenyewe, na Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ukombozi cha FLN katika mji ule, akiwa mmoja wa waliogharimia filamu na akiigiza nafasi inayofanana na yake mwenyewe. Ufaransa iliizuia kwa miaka kadhaa, na mwaka 2003 wakuu wa jeshi la Marekani waliitazama Pentagon walipokuwa wamekwama Iraq. Wengi huisifu kwa mabomu na mbio zake. Mimi naisifu kwa sababu imeelewa kwamba mpiganaji wa msituni au wa mjini si mtu mmoja shujaa, bali ni ncha inayoonekana ya jamii nzima isiyoonekana. Tunamwona kanali akichora ubaoni pembetatu za chama, kila mtu akiwajua watatu tu; tunawaona wanawake watatu mbele ya kioo, wakikata nywele na kujipaka rangi ili wafanane na Wafaransa, nyuso zao zikiwa hazina furaha wala hofu; tunauona mgomo wa siku nane; tunaona mateso bila ya kufichwa; na tunaona pia meza za mkahawa ambapo bomu litalipuka, na mtoto anayekula barafu yake. Mwenye kuitazama huelewa vita vile vilikula nini, vililala wapi, na vililipwa na nani.

Nasi tulikuwa na usiku wetu wa kufanyiwa filamu ya namna hiyo, na usiku ule ulikuwa Naivasha, tarehe 26 Machi 1953. Wapiganaji wapata themanini walikwenda na lori mpaka kwenye kituo cha polisi, wakajigawa makundi, wakamwua mlinzi aliyekuwa juu ya mnara, wakavunja ghala la silaha, wakalipakia lori bunduki na risasi, na wakawafungua wafungwa zaidi ya 170 waliokuwa katika kambi ya jirani, kisha wakatoweka kuelekea milimani kabla ya serikali kutambua kilichotokea. Fikiri ni mambo mangapi yaliyotangulia usiku ule: dereva aliyejua kuendesha lori, mtu aliyejua zamu za walinzi, mfanyakazi aliyejua ghala limewekwa wapi, wanawake waliopika chakula cha watu themanini bila ya moshi wao kuulizwa. Watu hao walitoka mashambani, katika pareto na maziwa na mahindi ya masetla. Na usiku ule ule, huko Lari, Mau Mau waliwachoma na kuwakata raia Wakikuyu, wanawake na watoto wakiwemo, kisha askari na mahomugadi, wale walinzi Wakikuyu waliokuwa upande wa serikali, wakalipiza kisasi bila ya kuchagua. Filamu itakayoweka Naivasha na Lari katika usiku mmoja, bila ya kuficha adhama ya la kwanza wala aibu ya la pili, itakuwa imefika pahali ambapo hakuna aliyefika.

Juhudi zimekuwako, nami sitaki kuzidharau. Mwaka 1973 David Koff na Anthony Howarth walitoa filamu tatu za hali halisi kwa jina la Black Man's Land, ya pili ikihusu Mau Mau, na ndani yake wazee waliopigana wanazungumza wenyewe, wangali na nguvu, kwa hiyo thamani yake inaongezeka kila mwaka. Kibaara Kaugi, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, alitengeneza Enough Is Enough kutokana na habari za Wamuyu wa Gakuru, mwanamke aliyepigana, na kwa hatua hiyo peke yake alirekebisha kosa la nusu karne. BBC mwaka 2002 ilionyesha Kenya: White Terror, juu ya mateso ya kambini, miaka kumi na mmoja kabla ya serikali ya Uingereza kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228. Kisha mwaka 2010 ikaja The First Grader ya Justin Chadwick, ambayo huenda ndiyo iliyotazamwa na Wakenya wengi kuliko zote.

Inastahili neno refu kidogo. Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mwezi Januari 2004, akiwa na miaka 84. Na Oliver Litondo, aliyekuwa msomaji habari mashuhuri, anamwigiza kwa ukimya unaouma, mzee anayechonga penseli huku akikumbuka penseli nyingine iliyotiwa katika sikio lake kambini. Ni filamu yenye moyo. Lakini inaulizia habari za shule, na inaliacha swali la kwanza analopaswa kuuliza mtu wa bonde hili: mpigania uhuru huyu alikuwa akiishi vipi katika nchi aliyoipigania, na kwa nini hakuwa na shamba? Maruge wa kweli, baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, alifukuzwa na machafuko akaishi katika hema la wakimbizi wa ndani, sawasawa na maelfu waliojazana siku zile katika uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, na alifariki mwaka 2009. Filamu haikuingia huko, ilhali huko ndiko vita vya mwaka 1952 vilikokuwa vimefikia.

Hapa naona sababu iliyo ndani yetu. Kuonyesha veranda hakumgharimu Mkenya kitu, kwa kuwa mwenye veranda amekwisha kuondoka. Kuonyesha msitu hakumgharimu kitu, kwa kuwa msitu una mashujaa na sanamu, na tangu chama cha Mau Mau kilipoondolewa marufuku mwaka 2003 hata serikali huwasifu. Shamba hugharimu. Mwenye kulifuata shamba la Solai au la Molo kutoka mwaka 1952 mpaka leo atakutana na mpango wa kununua ekari milioni moja wakati wa uhuru, ambapo ardhi iliuzwa kwa mkopo kwa mwenye uwezo wa kulipa; atakutana na makampuni ya ununuzi wa ardhi na walioyaongoza; atakutana na mjane wa mpiganaji aliyerudi akakuta jina la homugadi katika hati; na akirudi nyuma zaidi atakutana na Mmaasai wa mwaka 1911, na Wakalenjin wanaodai kwamba skwota alikuwa akidai ardhi ya babu zao. Madai haya yalimwagiwa damu mwaka 1992, mwaka 1998 na mwaka 2008. Mtengenezaji anayejua haya yote hukimbilia msituni, nami siwezi kumlaumu kwa wepesi.

Hofu ya kuwaudhi walioshinda si yetu peke yetu. Uganda imepata 27 Guns ya mwaka 2018, juu ya vita vya msituni vya Museveni, na aliyeiongoza ni binti yake mwenyewe. Ni kazi ya mapenzi ya mtoto kwa wazazi wake, na haiwezi kutarajiwa kuwauliza maswali. Kwa upande wa pili Zimbabwe ilipata Flame ya Ingrid Sinclair, ya mwaka 1996, iliyothubutu kuonyesha kwamba msichana aliyekwenda kupigania uhuru alibakwa na kamanda wake. Wapiganaji wa zamani wakakasirika, polisi wakaichukua filamu, na baadaye ikaonyeshwa na kupendwa na watu wengi. Baina ya hizo mbili mimi nachagua ya pili, na naamini hata mpiganaji wa kweli huichagua, kwa kuwa yeye anajua kilichotokea.

Dalili njema ya karibuni ni Our Land, Our Freedom ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, ya mwaka 2023, ambayo inamfuata Wanjugu, binti wa Dedan Kimathi, akilitafuta kaburi la baba yake aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ilianza kuwa filamu ya mifupa, ikageuka kuwa filamu ya ardhi: kadiri binti yule anavyozunguka, ndivyo anavyokutana na wazee na watoto wao ambao hadi leo ni maskwota, wakingoja kupewa makazi, na kamera inawafuata hao. Haikupangwa hivyo tangu mwanzo. Maisha ya watu waliomo yaliivuta. Ni filamu ya kwanza ya Mau Mau ninayoijua ambamo shamba lina uzito sawa na shujaa.

Ile filamu ya kubuni ya shamba bado haijatengenezwa, na mtu wa hapa anajua vitu inavyohitaji, kwa sababu vingi vipo. Nyumba za mawe za masetla zipo Subukia na Njoro, stesheni za reli zipo, na mtu aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1953 ana umri wa karibu miaka tisini, na wengine wangali hai na akili zao timamu. Ni wao wanaojua kengele ya asubuhi ililia vipi, ndoo ya maziwa ilipimwaje, nyapara alisimama wapi, na usiku wa kiapo mlango wa kibanda uligongwa kwa namna gani. Jambo moja tu ningemsihi mtengenezaji asilikubali, nalo ni kuwafanya watu wazungumze Kiingereza. Katika Simba na Something of Value, na hata katika The First Grader kwa sehemu kubwa, Wakikuyu wanaelezana siri zao kwa Kiingereza, wakati ambapo katika shamba la kweli Mzungu alimwamuru mfanyakazi kwa Kisetla, kile Kiswahili kilichokatwa vitenzi hadi kikabaki amri; mfanyakazi alimjibu nyapara kwa Kiswahili kingine chenye adabu zaidi; alizungumza na mke wake kwa Kikuyu; na mchungaji wa ng'ombe wa jirani alimsalimu kwa Kikipsigis. Ukiweza kuyasikia makundi haya manne ya sauti katika saa moja ya asubuhi kwenye zizi la kukamulia, utajua ni nani mwenye kuamuru, ni nani mwenye kujibu, na ni nani anayenyamaza mpaka usiku uingie, kabla bunduki ya kwanza haijalia.